Bi Nuru wa Plastiki na Mbuzi Yake

Wanangu, mkiulizwa kazi yenu na mkajibu kuwa mwakagua wanasesere, jitayarisheni kuchekwa. Mimi nimechekwa tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na wala sijajuta. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba mkewe yuwalipwa kuchezea. Nami nilikuwa nikijibu kuwa ni kweli, ila mimi huchezea kwa hasira.

Mumeniomba niwaeleze vipi mtu hujua kama sanamu ndogo ya plastiki, hizi za watu wa filamu zinazokaa kiganjani, ni kitu cha maana au ni takataka iliyopakwa rangi. Haya, kaeni. Mkiniona napotoka njiani, msinikatize. Nitarudi mwenyewe.

Nalifunzwa kazi na Mama Kadzo, mwanamke wa Kaloleni aliyekuwa akikaa Tononoka. Alikuwa mrefu, mpole, hakosi kanisani Jumapili, na mikononi mwake nimeona wanasesere wengi wakifikwa na kiyama chao. Sote wawili tulimfanyia kazi Bwana Hamid, aliyekuwa na duka la vitu vya watoto Ndia Kuu, na ghala lake liko ghorofani juu ya duka hilo hilo. Siku yangu ya kwanza Mama Kadzo alinikalisha kitako, akanipa mwanasesere, akaniambia nimng'ate. Nalidhani anitania. Akanieleza kuwa mtoto ana meno, ana mate na ana hasira, na kitu kisichoweza kustahimili vyote vitatu ni cha kuwekwa kabatini, si cha kuchezewa.

Basi tulikuwa tuking'ata, tukilowesha, kisha tukirusha. Mama Kadzo alipenda kurusha kupitia dirisha la nyuma, kichochoroni, kwa sababu huko chini ni mawe matupu. Alikuwa akichungulia kwanza kama hakuna mtu. Siku moja alichungulia, akarusha, na papo hapo mkokoteni wa madafu ukatokeza kwenye kona. Mwanasesere akaangukia katikati ya madafu, na mwenye mkokoteni hakuona kitu, akaenda zake. Mama Kadzo alishuka ngazi bila viatu. Alimkuta yule bwana karibu na Kibokoni, naye hapo ameshamwona mwanasesere na ameshaamua ni riziki yake. Wakavutana, huyu kashika mkono, yule kashika mguu, na watu wamesimama wanatazama. Aliporudi alikuwa anahema, lakini kitu cha kwanza alichofanya ni kumweka mwanasesere mezani na kumpinda viungo vyote kimoja kimoja. Akaniambia bega limelegea kidogo, lakini kwa mvutano ule amefaulu.

Siku hizi kuna mashine ya kuvuta, ina saa inayokuonyesha nguvu uliyotumia. Ni nzuri, itumieni. Lakini kuna mambo ambayo mashine haikuambii. Chukueni mtandio wa zamani, ule mwepesi kabisa, muufunge kwenye sanamu kisha muuvute taratibu. Ukikwama mahali, jueni hapo pana ncha iliyobaki wakati wa kumimina plastiki, na penye kukwama mtandio patakata kidole cha mtoto. Nuseni kila boksi mnapolifungua, kwa maana plastiki mbaya hunuka kama ndala mpya zilizoachwa juani. Pakeni mafuta ya nazi kidogo kwenye kitambaa, msugue uso wa sanamu, kisha mtazame kitambaa. Midomo ikihamia kwenye kitambaa, basi itahamia na kwenye ulimi. Tena yatazameni macho. Rangi ya macho ikiteleza kidogo tu, shujaa wa filamu nzima anakuwa na makengeza, na mtoto hamsamehi.

Na muwe na kile kibomba kifupi, chenye upana wa koo la mtoto mchanga. Kila kinachong'oka kwenye sanamu mkitie humo. Kikiingia chote, mazungumzo yamekwisha.

Sasa niwape kisa cha Bi Nuru, kwa sababu kila mkaguzi ana sanamu moja aliyoipigania, na yangu ni hii.

Kulikuja watu kupiga filamu hapa Mji wa Kale. Ilikuwa hadithi ya majambazi wanaoiba milango ya nakshi, na msichana mmoja anayewafukuza mbio juu ya mapaa. Bi Nuru alikuwa jirani yetu, akiuza leso katika duka dogo mbele ya letu. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya pili, na mwendo wake hapa mtaani ulijulikana hata na paka. Wenye filamu walimwomba akae barazani tu akikuna nazi, apite nyuma ya picha kama mtu wa kawaida. Akaelezwa asitazame kamera na asiseme kitu.

Alikaa vizuri, akakuna nazi yake. Kisha jambazi akaja mbio na mlango wa uongo begani, akamkanyagia sinia la nazi. Bi Nuru alisahau kabisa kama ni filamu. Aliinuka, akainua ile mbuzi ya kukunia nazi, kibao na chuma chake, akamshukia nayo mgongoni. Kwa bahati ilikuwa upande wa kibao. Yule mwigizaji alilala chini na mlango wake juu, na Bi Nuru akawa anamuuliza nazi ile ni ya baba yake.

Mwenye filamu hakukata picha. Alicheka hata akakaa chini, halafu akaibadilisha hadithi. Bi Nuru akaongezewa sehemu, na mwishoni mwa filamu ni yeye anayewapiga majambazi wote katika uchochoro mmoja, mkono juu, mbuzi hewani. Filamu ilipotoka, watu hawakumjua yule msichana wa mapaani kwa jina. Walimjua Bi Nuru.

Bwana Hamid ni mfanyabiashara, hakuchelewa. Alizungumza na wenye filamu, akapata idhini, akaagiza sanamu ndogo za Bi Nuru kutoka kiwanda kimoja cha ng'ambo. Alitangaza mtaa mzima kuwa zitakuwa dukani kabla ya Idd. Bi Nuru mwenyewe alikuwa haketi. Kila asubuhi alivuka njia kutuuliza kama amewasili.

Sampuli ya kwanza ilipokuja, Mama Kadzo alikuwa ameshastaafu zamani na mimi ndiye niliyekuwa mkaguzi, tena mwaka wangu wa mwisho kazini. Nalifungua boksi mbele ya Bwana Hamid. Ndani mlikuwa na mwanamke aliyevaa leso nyekundu, ameinua mkono juu, na mkononi ameshika mnyama.

Bwana Hamid alimgeuza, akavaa miwani, akamgeuza tena.

"Bi Rukia," akaniambia, "huyu si mbuzi?"

"Ni mbuzi," nikamjibu. "Ana ndevu."

Mtarjumani wa kiwanda alikuwa ameandikiwa kuwa mama huyu huwapiga majambazi kwa mbuzi, naye akatafsiri alivyojua. Wakamtengeneza mbuzi kamili, kwato na mkia, ameshikwa miguu ya nyuma, kinywa wazi kana kwamba analia. Na lazima niseme kweli, alikuwa mbuzi mzuri. Manyoya yake yalichongwa kwa ustadi kuliko uso wa Bi Nuru. Bwana Hamid alianza kucheka, nami nikamfuata, tukacheka hata mbavu zikauma, mpaka mwenye duka la viatu lililo ubavuni mwa letu akapanda ngazi kutazama kama tu wazima. Akaonyeshwa, naye akakaa kitako akicheka.

Lakini nilikuwa kazini. Nikaishika pembe ya yule mbuzi kwa vidole viwili nikaivuta, ikang'oka kama jino la mtoto. Nikaitia kwenye kibomba, ikazama yote. Kicheko changu kikaisha hapo. Bwana Hamid alikuwa ameanza kusema kuwa watoto watampenda mbuzi, pengine tumwache. Nikamwonyesha kibomba, naye akatafuta kalamu.

Tukawapelekea picha ya mbuzi ya nazi, tukawaandikia kwa maneno mengi kuwa ni kibao cha kukalia chenye chuma cha meno, hakili majani. Ikaja sampuli ya pili.

Hii, wanangu, ndiyo iliyonisumbua. Nikainusa, haina harufu. Mtandio ukateleza kama juu ya maji. Rangi haikutoka kwa mafuta. Viungo vilikaza vizuri. Mbuzi ilikuwa mbuzi ya nazi kweli kweli, na chuma chake kilitengenezwa kwa plastiki laini, butu, kimeungana na kibao, hakivutiki. Nilitafuta kosa la kuandika nikakosa. Ila mwanamke mwenyewe alikuwa mwembamba. Kiuno kama cha nyigu, shingo ndefu, mikono kama vijiti vya mishikaki. Kiwanda kilieleza kuwa ndivyo wanunuzi wapendavyo, na kwamba wanene hawauziki.

Kabla sijasema neno, Bi Nuru akaingia. Alikuwa amesikia kuwa boksi limefika. Bwana Hamid akampa sanamu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga. Bi Nuru akaitazama. Nalikuwa nangoja ile sauti yake, lakini haikuja. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaishika ile leso kwa ncha ya kidole.

"Mzuri," akasema polepole. "Mwashukuriwa."

Akairudisha ndani ya karatasi yake na kuikunja vizuri. Nikamfuata mpaka kichwani mwa ngazi nikamuuliza ana nini. Alisimama akiwa ameshika ukuta.

"Rukia," akaniambia, "aliyenitengeneza amenionea haya."

Akashuka.

Nikarudi mezani. Nilijua siwezi kumwambia Bwana Hamid kuwa sampuli haifai kwa sababu jirani amehuzunika. Yeye alikuwa na Idd kichwani, na tungeipitisha siku ile ile boksi zingefika kwa wakati. Nikaketi nayo, nikaitazama kama ninavyotazama kila kitu, nikajiuliza kazi yake ni nini. Kazi yake ni kusimama na kuinua mbuzi. Nikaisimamisha mezani, nikauinua ule mkono. Ikaanguka. Nikaipanua miguu, nikaisimamisha tena. Ikaanguka kifudifudi, mbuzi mbele. Nikamwita Bwana Hamid. Akajaribu yeye, akaanguka naye. Namaanisha ile sanamu, si Bwana Hamid, ingawa alikuwa ameinama sana. Akaifunga panka, akidhani ni upepo. Ikaanguka bila upepo. Akaiegemeza kwa sanduku la biskuti, ikasimama, akanitazama kwa furaha.

"Kila mtoto tumpe na sanduku la biskuti?" nikamuuliza.

Akapendekeza tuushushe mkono. Nikamkumbusha kuwa watu hawakuipenda filamu ile kwa ajili ya mwanamke aliyeshusha mkono. Akapendekeza kibao cha kuigandishia miguu. Nikamwambia mtoto atakibandua kabla ya magharibi. Alipoishiwa, nikamweleza nilichokiona: mbuzi ni nzito na huyu hana cha kuizuia. Mwenye kuinua kitu kile anahitaji nyonga, mapaja na miguu ya kukanyaga nchi. Kiwanda kimempunguza Bi Nuru pale pale panapomsimamisha.

Bwana Hamid hakusadiki. Basi nikamwita Bi Nuru arudi, na nikamwambia aje na mbuzi yake ya nyumbani. Alikuja shingo upande. Nikamwomba amwonyeshe Bwana Hamid vile alivyompiga jambazi. Akakataa, akasema ameshasahau. Nikamwambia basi ajifanye Bwana Hamid amemkanyagia nazi.

Alipanua miguu, akashusha kiuno, na mbuzi ikapanda juu kwa mkono mmoja kama unyoya. Bwana Hamid akawa nyuma ya kabati, sikumwona alivyofika huko. Bi Nuru alisimama vile vile, hatetemeki, nami nikampiga picha kwa simu kila upande. Kisha nikatoa utepe wa kupimia nguo nikaanza kumpima, mabega, kifua, kiuno. Nilipouzungusha nyongani, kwa mazoea ya mafundi wa nguo nikaukaza kidogo, kipimo kipungue, ndiyo adabu.

"Usivute," akaniambia kutoka juu. "Andika ulichokiona."

Na sauti ilikuwa imerudi.

Vipimo vikaenda. Kiwanda kikajibu kuwa kitalazimika kutengeneza upya kalibu ya kumiminia plastiki, na kwamba shehena haitawahi Idd. Bwana Hamid aliniuliza kwa mara ya mwisho kama nitaipitisha ile ya pili. Akanikumbusha kuwa haina madhara kwa mtoto, na hilo lilikuwa kweli. Nikamwambia sanamu ya kusimama isiyosimama siipitishi, na kama anataka mkaguzi mwingine, mimi nimebakiwa na muda mchache tu pale. Hakunifukuza. Alininunia. Tulikuwa tukikaa meza moja, yeye upande huu na mimi upande ule, naye anamwambia mpishi aliyekuwa akituletea chai, "Mwambie Bi Rukia chai iko tayari." Nami namjibu mpishi, "Mwambie Bwana Hamid nimeiona."

Idd ikaja ikapita. Watoto walikuja na nguo zao mpya kumuulizia Bi Nuru, wakakosa, wakanunua bunduki za maji na kwenda zao. Ile ilikuwa siku ngumu, sitawaficha. Mwenye duka aliketi nyuma ya meza akitazama rafu aliyoiacha tupu kwa ajili ya sanamu, na mimi nikajifanya nina shughuli nyingi ghalani.

Sampuli ya tatu ilipofika, Bwana Hamid aliifungua mwenyewe, hakunisubiri. Nikasikia boksi likichanwa. Nikatoka. Alikuwa ameishika juu ya kiganja, na juu ya kiganja kile alikuwa amesimama Bi Nuru, mnene, mashavu yamejaa, miguu imekanyaga nchi, mkono juu, mbuzi hewani. Hata ile hasira ya usoni waliipata.

Nalimng'ata. Nikamlowesha, nikamsugua, nikamvuta kwa mashine na nikamvuta kwa mikono. Nikamrusha kichochoroni baada ya kuchungulia vizuri sana, nikamfuata, hana hata mkwaruzo. Kisha tukamsimamisha mezani. Nikagonga meza, hakuanguka. Bwana Hamid akawasha panka mpaka mwisho, karatasi zikapeperuka ghala zima, Bi Nuru yuko pale pale. Akavimbisha mashavu akampulizia. Akatazama huku na huku, akakunja kanzu yake, na mzee yule mwenye ndevu nyeupe akaanza kuruka juu ya sakafu ile ya mbao, tu, tu, tu. Vikombe vikalia kabatini, vumbi likashuka darini. Kutoka chini yule mwenye duka la viatu akauliza kwa sauti kama nyumba yaanguka. Bi Nuru wa plastiki hakusogea.

"Bi Rukia," akaniambia akihema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu bila kupitia kwa mpishi, "mpitishe."

Shehena ilipokuja, mtaa ulikuwa umeshapoa. Zawadi za Idd zilikuwa zimeshatolewa, filamu imeshatazamwa na kila mtu. Bwana Hamid alizipanga sanamu rafuni bila tangazo lolote, na Bi Nuru akaja kukaa nasi pale dukani. Watoto walipita, wengine wakaingia, wengine wakaendelea na bunduki zao za maji. Nikaanza kuhesabu moyoni namna nitakavyoomba radhi.

Kisha wakaja kina mama. Walianza wawili kutoka Kibokoni, wanawake wa umri wangu, buibui zao na mikoba yao ya sokoni. Wakaomba waonyeshwe. Wakawashika wale kina Bi Nuru wadogo, wakawageuza, wakawapapasa nyonga kwa kidole gumba, wakatazamana, wakaanza kucheka kicheko cha chini, kile cha jikoni. Mchana walikuja wengine kutoka nyumba za Buxton, na wenzao wa Tononoka, mmoja akamleta mamake mzazi anayetembelea mkongojo. Duka likajaa wanawake watu wazima wanaojaribu kuangusha sanamu na kushindwa. Bi Nuru wa kweli alikuwa ameketi katikati yao, leso imemteleza begani, anawaeleza jinsi ya kushusha kiuno, na watu wa kule nje walikuwa wakimsikia.

Yule mama wa mkongojo alilipia yake mwisho kabisa. Nikamuuliza kama nimfungie kwa karatasi ya zawadi, na ni ya mjukuu gani. Aliisimamisha juu ya meza, akainyoosha leso yake kwa ukucha, akaitazama muda mrefu kana kwamba wamepotezana na sasa wameonana. Kisha akaitia ndani ya mkoba wake na kuufunga zipu.

"Huyu," akaniambia, "simpi mtoto."